Nimeokoka, nahudumu, mbona ndani bado nimekauka?

SWALI: Mchungaji shikamoo. Mi ni dada wa miaka 31, niko Mwanza, kazi yangu uhasibu. Nimeokoka tangu niko fomu tuu na sijawahi kurudi nyuma, niko timu ya kusifu na kuabudu, mkesha wa ijumaa sikosi, nafunga, fungu la kumi natoa. Ila ukweli ndani nimekauka kabisa, nikiomba naona kama naongea na dari. Nimehama kanisa mara mbili nikidhani shida ni kanisa. Kuna mtumishi akaniambia nafuatwa na roho ya ukavu nitoe sadaka ya kujikomboa, nikatoa laki mbili, wiki ile nikajisikia vizuri kisha ikarudi vilevile, sasa anasema haikutosha niongeze laki tano, na hela niliyonayo ni ada ya mdogo wangu. Yesu alisema atakayekunywa maji yake hataona kiu milele. Sasa hii kiu yangu ni ya nini? Au sikuokoka kweli? Na hiyo laki tano nitoe?

JIBU: Marahaba binti yangu. Umeniuliza mambo matatu kwa mpigo, la hela nitaliweka mwisho, sio kwamba ni dogo, ila ukishayaelewa haya mengine hilo nadhani utalijibu mwenyewe kabla sijafika.

Nianze na hilo la "au sikuokoka", maana najua ndilo linalokunyima usingizi, meseji umeituma saa nane usiku. Fungua Zaburi ya 42. "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji, vivyo hivyo nafsi yangu inakuonea shauku, Ee Mungu." Hii tunaiimba sana, ila angalia pale juu imeandikwa ni ya nani: wana wa Kora. Hao ni Walawi waimbaji, kwenye 2 Nyakati 20 utawakuta wamesimama kumsifu Bwana kwa sauti kuu sana. Yaani ndo timu ya kusifu ya wakati ule. Na mstari wa nne anakumbuka jinsi alivyokuwa akienda na mkutano na kuwaongoza nyumbani kwa Mungu kwa sauti za furaha. Mwimbaji, kiongozi wa ibada, na huyohuyo anasema machozi yamekuwa chakula chake mchana na usiku. Hakuna mtu aliyemwambia hujaokoka. Zaburi yake imewekwa kwenye kitabu cha nyimbo cha Israeli ili wengine waitumie, kwahiyo walikuwepo wengine wengi walioihitaji. Daudi naye Zaburi ya 63 anasema "nafsi yangu inakuonea kiu... katika nchi kame na uchovu, isiyo na maji", na kabla ya hapo kwenye mstari huohuo ameshasema "Ee Mungu, Mungu wangu". Mungu ni wake na kiu anayo, vyote viwili pamoja.

Kwahiyo hilo liweke pembeni. Kiu sio cheti cha kwamba umepotea.

Sasa twende kwenye huo mstari uliounukuu, Yohana 4, na hapa naomba univumilie maana huwa unahubiriwa kwa haraka mno. Yesu amefika Sikari, mji wa Samaria, amechoka na safari, kakaa kisimani, ni kama saa sita mchana. Kisima chenyewe kipo mpaka leo, kiko Nablus kule Palestina, chini ya kanisa la Waorthodoksi, unashuka ngazi unakikuta na ndoo yake na kamba, na kina chake ni kama mita 40. Hebu piga picha, mita 40 unavuta ndoo kwa mikono, kila siku ya Mungu. Yule mama Msamaria aliyekuja kuteka maji aliposema "huna kitu cha kutekea, na kisima ni kirefu" hakuwa anafanya utani. Kwahiyo Yesu alipomwambia habari ya maji ambayo mtu akinywa haoni kiu tena, ombi lake linaeleweka kabisa: "Bwana, unipe maji hayo, nisione kiu, wala nisije hapa kuteka."

Soma tena hilo ombi taratibu. Anataka maji yatakayomwondolea usumbufu wa kuja. Na nadhani, nisamehe kama nakuonea, kwamba hilo ndilo ombi lako pia na ni la wengi wetu. Tunataka Yesu atupe kitu, tukimeze, ishu iishe, turudi kwenye ratiba. Ndo maana wiki ile ya laki mbili ulijisikia vizuri, ulikuwa umepata kitu cha kumeza.

Jibu la Yesu sasa, hapo ndo pa kukaa. Hakumwambia haya chukua. Hakumwambia funga siku tatu. Alimwambia "Nenda kamwite mumeo, uje naye hapa." Mtu ameomba maji anaambiwa kamlete mume, ukisoma haraka unaona kama Yesu kabadilisha mada. Hajabadilisha. Ameweka kidole palepale ambapo kiu ya yule mama imekaa. Amekuwa na waume watano na aliye naye sasa sio mume wake.

Hapa niseme kitu pembeni. Wahubiri wetu wanapenda sana kumwita huyu mama malaya, eti alikuja saa sita kwa aibu ya kukutana na wenzake. Maandiko hayasemi hivyo. Waume watano zama zile inaweza kuwa kufiwa, inaweza kuwa kuachwa, na mwanamke kuachwa na mume lilikuwa jambo la mume kuamua kuliko la mke. Na Yesu mwenyewe hakumsuta hata kwa neno moja, alimwambia tu, mara mbili, kwamba hapo amesema kweli. Inaweza ikawa ni mwanamke mwenye dhambi, inaweza ikawa ni mwanamke aliyeumizwa mara tano, mara nyingi mtu anakuwa na vyote. Ninachojua ni kwamba aligusia jambo hilo kwa maneno machache sana, "sina mume", basi, akataka mazungumzo yaishie hapo, na akaruka haraka kwenye mada ya dini, tuabudu mlima huu au Yerusalemu. Si unaona? Akiguswa panapouma anahamia kwenye mjadala wa kanisa lipi ni sahihi.

Binti yangu, umehama makanisa mawili.

Sisemi una waume watano. Sijui una nini. Ninachosema ni kwamba kwenye meseji yako yote umeniorodheshea unachofanya, kuimba, mkesha, kufunga, fungu la kumi, na hujaniambia hata neno moja kuhusu maisha yako nje ya kanisa isipokuwa kazi yako na hiyo ada ya mdogo wako. Miaka 31, mwanamke, unasomesha mdogo wako, labda wazazi hawapo au hawana uwezo, labda kuna mchumba alikuacha na anaimba kwenye timu hiyohiyo, labda kuna kitu ulifanya chuoni hujawahi kumwambia mtu, labda kuna kitu ulifanyiwa ukiwa mdogo. Au labda umemkasirikia Mungu kwa jambo fulani na unaona mlokole hatakiwi kumkasirikia Mungu, kwahiyo unaimba kwa sauti zaidi. Mungu unakutana naye kila ijumaa usiku ila kile chumba kimoja umekifunga na funguo unayo wewe. Maji yanaingilia kwenye hicho chumba.

Yuko mtu ambaye naona ni shahidi mzuri wa hili kuliko wote, Augustino. Huyu ni Mwafrika, kazaliwa mwaka 354 mji wa Thagaste ambao leo ni Souk Ahras huko Algeria. Kijana ana akili sana, akawa mwalimu wa ufasaha wa kuzungumza, Carthage, kisha Roma, mpaka akapewa kazi kubwa Milano kwenye mji wa kifalme. Huku dini anabadilisha, mara huku mara kule, yuko na mwanamke miaka mingi wamezaa mtoto. Siku moja Milano anajiandaa kwenda kutoa hotuba ya kumsifia mfalme, hotuba ambayo mwenyewe anakiri ilikuwa na uongo mwingi, moyo unamwenda mbio kwa wasiwasi, mtaani akamwona ombaomba ameshalewa anacheka zake na kutania watu. Augustino akageuka kwa rafiki zake akawaambia, mnaona, huyu kwa visenti alivyoomba amefika tayari kule ambako sisi tunajitesa kufika na hatufiki. Halafu akawa mkweli, akasema furaha ya yule haikuwa ya kweli lakini na yangu pia haikuwa ya kweli, na yeye angalau pombe ingemtoka usiku ule akalala, mimi nalala na changu naamka nacho.

Huyuhuyu ndo aliyekiri kwamba ujanani alikuwa akiomba Mungu ampe usafi wa maisha, ila asimpe sasa hivi. Umeona hiyo sala? Ni ileile ya kisimani: nipe maji lakini habari za mume tuache. Ilimchukua miaka. Aligeuka mwaka 386, akabatizwa Pasaka ya 387 na Askofu Ambrosi, na ndipo baadaye akaandika lile neno lake ambalo wengi wanalijua, kwamba Mungu ametuumba kwa ajili yake na mioyo yetu haitulii mpaka itulie ndani yake. Watu wanalipachika kwenye stetasi kama ushairi, wakati ni ripoti ya mtu aliyejaribu kila kitu kingine kwanza. (Yule mwanamke Augustino alimrudisha Afrika, mwenyewe akabaki na mtoto, na kwenye maandishi yake yote hakutaja hata jina lake, hilo huwa linanikera kila nikisoma. Watakatifu nao.)

Na sio lazima twende mbali hivyo, sisi huku tuna habari yetu wenyewe. Mwaka 1929 kulikuwa na daktari Mwingereza, Joe Church, mmisionari kwenye hospitali ya Gahini, Rwanda. Rwanda ilikuwa imetoka kupigwa na njaa kali, jamaa amechoka, kakata tamaa, ndani mkavu, na kumbuka huyu ni mmisionari, sio mpagani. Mwezi wa tisa akaenda Kampala kupumzika. Pale Namirembe akakutana na Muganda anaitwa Simeoni Nsibambi, naye Mkristo tayari na naye anaona kuna kitu kinapungua. Wakakaa siku mbili wanapitia maandiko kuhusu Roho Mtakatifu na kuomba, mzungu na Mwafrika, wakati wa ukoloni, kila mmoja anamwambia mwenzake ukweli kwamba sina. Hakuna jukwaa, hakuna spika. Kutokea hapo na kutokea Gahini miaka ya thelathini ukawaka ule uamsho wa Afrika Mashariki, ukaenda Uganda yote, Burundi, Kenya, huku kwetu ukaingilia Bukoba, ndo ule wa Tukutendereza Yesu, na kama una bibi mlokole wa zamani muulize atakuimbia mpaka mwisho.

Alama yake kubwa unajua ilikuwa nini? Sio miujiza wala kuanguka, ingawa vilikuwepo. Ni watu kusema ukweli. Mtu anarudisha majembe aliyoiba. Mfanyakazi anamwambia bosi nilikuwa nakuibia, mmisionari anamwomba msamaha mpishi wake kwa dharau. Waliita kutembea nuruni, wakichukua 1 Yohana 1:7, "tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote". Na walikuwa ni watu waliobatizwa zamani, wengine wana vyeo kanisani. Maji yalikuwepo siku zote.

Sasa kabla hujaanza kujichimba usiku kucha kutafuta dhambi uliyoificha, subiri kidogo, maana sio kila ukavu unatokana na kuficha kitu. Ningekuacha hapo ningekuumiza.

Ukavu mwingine ni mwili tu. Eliya, 1 Wafalme 19, ametoka kushusha moto Karmeli, siku chache baadaye yuko chini ya mti anaomba afe. Mungu hakumpa somo. Alimlaza, malaika akamwamsha akala mkate na maji, akamlaza tena, akamwamsha tena, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Kulala na kula, mara mbili, ndipo mazungumzo yakaja baadaye sana huko Horebu. Wewe unafanya kazi ya hesabu wiki nzima, ijumaa hulali, nadhani jumamosi mazoezi, jumapili asubuhi uko jukwaani na tabasamu. Na funga juu yake. Lini unalala? Mtu asiyelala hata sauti ya mama yake inamkera, seuze sala.

Ukavu mwingine ni ugonjwa. Kama zaidi ya wiki mbili kila siku huna hamu na chochote, sio sala tu, hata chakula, hata rafiki, hata muziki wa kawaida, usingizi umepotea au umezidi, unajiona huna thamani, na hasa kama umefikiria afadhali ungekufa, hiyo inaweza kuwa sonona na inatibika, nenda hospitali kama ambavyo ungeenda kwa malaria. Bugando iko hapo hapo mjini kwako. Na hilo la kufikiria kufa likikujia usingoje hata hizo wiki mbili, nenda leo na umwambie mtu wa karibu. Kwenda kwa daktari sio upungufu wa imani, na atakayekwambia usiende kwa sababu ni pepo, huyo usimsikilize.

Na upo ukavu mwingine ambao kwa kweli sina maelezo yake na hata walionitangulia hawakuwa nayo ya kutosha. Mama Teresa wa Kalkuta, najua wewe sio Mkatoliki lakini nisikilize, alifariki 1997, na barua zake zilipochapishwa 2007 watu walishangaa, kumbe kwa miaka mingi mno, tangu kazi yake ya maskini ilipoanza, alikuwa anaomba na ndani hasikii kitu. Giza. Na kila asubuhi anaamka anaenda kuwaosha wanaokufa. Wako waliosema basi alikuwa mnafiki. Mimi naona kinyume, mnafiki huacha pale hisia zinapoisha, au huanza kuigiza ili watu wamwone. Yeye alimwandikia muungamishi wake ukweli na akaendelea. Kuna Zaburi moja, ya 88, ambayo inaanza na kulia na inaishia gizani, haina ile "lakini nitakusifu" ya mwisho, na imo kwenye Biblia. Nayo kichwani imeandikwa wana wa Kora. Timu ileile.

Turudi kwenye "hataona kiu milele", maana ulisema hapo ndo panakuchanganya. Yesu aliendelea: "bali yale maji nitakayompa yatakuwa ndani yake chemchemi ya maji, yakibubujikia uzima wa milele". Ahadi ni kwamba chemchemi itahamia ndani. Hajasema hutahitaji kunywa. Yule mama alizoea maji yaliyo mita 40 chini na nje yake, ya kufuata kwa mguu na kuvuta kwa mkono, na Yesu anamwambia hayo yatakaa ndani yako. Kwahiyo hisia za kukauka unaweza kuzipata, ila hutakiwi tena kusafiri kutafuta yalipo, iwe kwenye mlima, kwenye kongamano, kwa nabii, au kwenye kanisa la tatu.

Na Yohana anaeleza maji hayo ni nini, sura ya 7. Ilikuwa sikukuu ya Vibanda, ambayo inaangukia mwisho wa kiangazi cha kule, watu wanaisubiri mvua. Kila siku ya sikukuu kuhani alishuka na chombo cha dhahabu mpaka bwawa la Siloamu, akateka maji, akapanda nayo hekaluni kwa tarumbeta na shangwe, akayamwaga madhabahuni. (Hilo bwawa lilionekana tena mwaka 2004, mafundi walikuwa wanatengeneza bomba la maji taka wakakuta ngazi za mawe.) Siku saba za kusifu, ibada kubwa kuliko mkesha wowote uliowahi kuuona. Na siku ya mwisho, watu wametoka kuimba sauti zimekauka, ndipo Yesu anasimama na kupaza sauti, "Mtu akiona kiu, na aje kwangu anywe." Anawaambia watu wa ibada, waliokuwepo siku zote saba. Alijua katikati ya shangwe ile kuna mtu anaimba na ndani hakuna kitu. Yohana anasema alinena hilo kuhusu Roho, ambaye walikuwa bado hawajampokea kwa sababu Yesu hajatukuzwa.

Halafu sura ya 19, msalabani, huyu aliyesema atakayekunywa hataona kiu anasema "Naona kiu". Kisha ubavu wake unachomwa na inatoka damu na maji. Mimi hapo huwa naishiwa maneno. Kiu yako, hiyo ya kuongea na dari, sio mahali ambapo yeye hajawahi kufika. Alifika, akiwa uchi, katikati ya watu wanaomcheka. Kwahiyo unapoomba na huhisi kitu haimaanishi hakuna mtu upande wa pili, kuna mtu ambaye anaijua hiyo kiu kutoka ndani.

Sasa ufanyeje. Sikupi hatua saba maana ungezifanya zote vizuri sana na kuniletea ripoti, nimeshakuona ulivyo.

Zungumza na kiongozi wako wa kusifu umwombe mapumziko, mwezi au miwili. Kaa kwenye benchi kama waumini wengine, mruhusu mwingine akuimbie. Wakikuuliza sema unapumzika, inatosha. Mikesha pia acha kwa muda huo, ijumaa lala. Najua utajisikia una hatia, na hiyo hatia yenyewe ikitokea iangalie vizuri, jiulize ni nani amekufundisha kwamba Mungu anakupenda kwa mahudhurio.

Asubuhi chukua zaburi moja, hata nusu, uisome kwa sauti, kisha mwambie Mungu jambo moja la kweli. Moja. "Leo sitaki kuongea na wewe" ni sala kama ni kweli. "Namwonea wivu fulani kaolewa" ni sala. Acha hiyo Kiswahili ya jukwaani ya Baba wa mbinguni tunakuinua tunakutukuza, itarudi yenyewe siku ikiwa na kitu ndani yake. Usipohisi chochote funga Biblia nenda kazini, kesho tena.

Halafu tafuta mtu mmoja wa kumwambia lile ambalo hukuniandikia. Hapa uwe makini sana. Awe mwanamke, mtu mzima kwenye imani, ambaye umeshaona anatunza siri za watu wengine, na ambaye yeye mwenyewe anasema makosa yake bila kulazimishwa. Mama wa kanisani wa zamani, labda hata sio wa kanisa lako. Usitoe ushuhuda wa hayo mambo hadharani, usiandike kwenye grupu la WhatsApp, usijifungie ofisini na mchungaji mwanaume peke yenu, mimi nikiwemo. Hata wale watu wa uamsho, kuna mahali vikundi vyao viligeuka mahakama, watu wanalazimishwa kuungama mpaka ya kutunga, ndoa zikaumia. Ukweli ni wa kumwambia anayeweza kuubeba. Kama ulichobeba ni jambo ulilofanyiwa na mtu mwingine, hiyo sio dhambi yako na huna haja ya kutubu kwa ajili yake, unalisema ili usiendelee kulibeba peke yako.

Na ushiriki meza ya Bwana kila unapoweza. Pale hakuna anayekuuliza umehisi nini. Unanyoosha mkono unapewa, unakula, unarudi kukaa. Kwa mtu wa kufanya kazi sana kama wewe ni dawa, maana ni mahali pekee kwenye ibada ambapo huna la kufanya isipokuwa kupokea.

Kuhama kanisa la tatu, hapana kwanza. Kaa hapo ulipo mpaka hili litulie, ukija kuhama uhame ukiwa na sababu na sio kwa kukimbia. Isipokuwa kama huyo mtumishi wa sadaka ndiye mchungaji wako, hapo ni habari nyingine, ondoka.

Tumefika kwenye hela. Yeremia 2:13 Mungu analalamika kwamba watu wake wamefanya maovu mawili, "wameniacha mimi, niliye chemchemi ya maji ya uzima, wamejichimbia mabirika, nayo ni mabirika yavujayo, yasiyoweza kuweka maji". Nchi ile watu walichonga mashimo kwenye mwamba, wakayasiriba kwa chokaa ili yatunze maji ya mvua, ikipata ufa unajaza leo wiki ijayo hakuna kitu, ni sawa na simtank lililopasuka chini, na fundi anakwambia tatizo ni kwamba hukujaza vya kutosha. Laki mbili ilikaa wiki. Laki tano itakaa wiki mbili na nusu.

Isaya 55 mwito ni "Haya, kila aonaye kiu, njoni majini, naye asiye na fedha", na mbele kidogo anauliza kwa nini mnatoa fedha kwa kitu kisichoshibisha. Na kuna hii ambayo sijui kwa nini haihubiriwi sana. Samaria, nchi ileile ya yule mama wa kisimani, miaka michache baadaye Filipo akaenda kuhubiri watu wakaamini, Petro na Yohana wakaja wakawawekea mikono wakapokea Roho, yaani yale maji yenyewe aliyoahidi Yesu. Akatokea Simoni mchawi na hela mkononi akitaka kuinunua nguvu hiyo. Petro akamwambia "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Matendo 8:20. Petro aliikataa hela ya mtu aliyeileta mwenyewe kwa hiari yake. Wewe unaombwa.

Kwahiyo usitoe. Akikutishia laana, mpe huo mstari na uache kupokea simu zake. Sadaka ya kawaida endelea kutoa kanisani kwako kadiri ya ulichonacho, hilo ni tofauti. Laki mbili iliyokwenda imekwenda, usiifuatilie itakuongezea stresi tu. Hii laki tano kesho asubuhi kabla hujapita popote ipeleke benki kwenye akaunti ya shule, na risiti mtumie mdogo wako.